Kidole Gumba cha Jafeti

Nilikuwa mita kumi chini ya Ziwa Tanganyika, roho imetulia, siku ya kwanza maishani kutoogopa maji. Mara mtu akanikamata mkanda, akanipandisha juu kwa nguvu.

Sikuwa na shida yoyote. Ndiyo kwanza nilikuwa nimemwambia kwa mkono niko poa.

Hii ni ya mwaka 1994, Kasanga. Nikiikumbuka damu inachemka mpaka leo, kwa hiyo mnivumilie.

Mimi ni Modesti, Mfipa wa Mwazye. Kwetu ni mahindi, ulezi na baridi. Maji mengi niliyoyaona utotoni ni ya kwenye mtungi wa mama. Nilikuwa karani wa ghala la serikali Matai, ukaja ule wakati wa kupunguza watu, nikapewa barua na asante. Mke wangu Marsiana alikuwa na mimba ya kwanza.

Nikasikia kuna mzungu Kasanga anafundisha watu kuzamia, wamkamatie samaki wa mapambo wakiwa hai. Tulimwita Bwana Mitungi, kwa ile mitungi ya hewa. Kiswahili hakijui. Mkalimani wake alikuwa Jafeti, mtu wa Mbeya, suruali imenyooshwa, Kiingereza cha puani.

Kabla yangu walijaribu wawili: Zenon, rafiki yangu toka shule, na Bundala, Msukuma mchunga ng'ombe. Wote walirudishwa. Sababu ni moja, waoga. Zenon alichekwa mpaka na wauza dagaa.

Mimi mwoga nilikuwa kweli, sikatai. Wiki nzima ya kwanza, nikiingiza uso majini tu kifua kinabana, natema kile cha kupumulia, naparamia boti. Kilichonisaidia ni wimbo wetu wa kupura ulezi. Niliuimba moyoni, pole pole, pumzi ikafuata wimbo.

Wiki ya pili nikashuka. Mzungu akaniuliza kwa mkono kama niko sawa. Nikainua kidole gumba, kama Jafeti alivyotufundisha: "Hiki maana yake mambo juu, safi kabisa."

Akanipandisha.

"Anasema umeogopa," Jafeti akatafsiri.

"Sijaogopa, kaka. Mwambie nilikuwa poa."

Akabwabwaja kitu kifupi. Mzungu akatikisa kichwa.

Ikawa hivyo mara tatu.

"Kesho ndiyo mwisho," Jafeti akaniambia. "Ukishindwa, urudi kwenu."

Asubuhi, napakia mitungi, nikakuta ubao wa plastiki chini ya kiti cha boti. Una michoro ya mikono. Kidole gumba, na pembeni yake mtu anapanda juu ya maji. Vidole viwili vimefanya duara, na pembeni yake uso unacheka.

Nikakaa chini.

"Jafeti, kidole gumba ni kusema nataka kupanda?"

Akajifanya anafunga kamba ya boti.

"Si nakuuliza wewe."

"Alisema ni juu," akajibu. "Nikajua mambo juu."

"Ukajua lini kwamba umekosea?"

Akatazama viatu vyake. "Siku ya Zenon. Ningesema sikuelewa, angetafuta mkalimani mwingine. Na mimi nina watoto, Modesti."

Nikamshika kola. Nilitaka kumtosa ziwani na suruali yake iliyonyooshwa. Watatu tumeitwa waoga, kumbe mwoga amekaa kwenye boti, mkavu.

Nilimwachia kwa sababu mzungu alikuwa anakuja.

Nikashuka na hasira zangu. Hasira ikakata pumzi, miwani ikaingia maji, kifua kikabana kama siku ya kwanza. Kidole gumba kikaanza kuinuka chenyewe, na safari hii kingesema kweli. Nikakikunja. Nikaushika wimbo wa ulezi, nikapuliza kwa pua mpaka maji yakatoka kwenye miwani.

Nikafanya duara. Bwana Mitungi akanitazama sana, kisha akafanya duara na yeye.

Kazi nikapata. Juu ya boti nilimwonyesha ubao, nikamnyooshea kidole Jafeti. Hapo hapakuhitaji mkalimani. Jafeti aliondoka wiki ile ile, Bundala akaitwa, tukazamia pamoja miaka sita.

Zenon nilimfuata mwenyewe Mwazye, ubao mkononi. Akautazama, akanirudishia.

"Acha tu, Modesti. Mimi maji nayaogopa."

"Huyaogopi. Uliambiwa tu."

"Ndiyo hayo hayo."

Mpaka leo havuki hata kijito bila kushikwa mkono. Mtu aliyefika mita kumi, akainua kidole kusema yuko poa.

Ndugu unayesoma, kama hujui, sema hujui. Kuuliza si ujinga. Aibu yako ya dakika moja Zenon anailipia mpaka kesho.