Mkutubi wa Kampemba na riwaya aliyoogopa kuimaliza

Jumamosi mchana, jua likiwa bado kali juu ya mabati ya mtaa wa Kampemba, Régine Mwange anaburuta mabenchi kutoka ukutani na kuyapanga kwa duara. Wanafunzi waliokuwa wakijiandaa kwa mitihani wamekwisha kukusanya madaftari yao na kuondoka. Mlango wa maktaba anauacha wazi.

Wa kwanza kufika ni mama anayeuza samaki wa Kasenga sokoni. Anasimama kizingitini, anasita kama kila Jumamosi.

"Mama Régine, miye nikae hapa karibu ya mulango. Ninanuka samaki."

"Ingia ndani, mama. Bitabu haina pua."

Mama anacheka, anaingia. Baada yake wanafuata fundi viatu, wasichana wawili wa kwaya, mzee mwenye redio mfukoni. Hakuna atakayeulizwa swali. Hakuna atakayepewa alama. Wamekuja kusomewa hadithi.

Régine ndiye mtunzaji wa maktaba hii ndogo ya chama cha wakazi, na kusoma kwa raha alikuzoea tangu utotoni. Baba yake, aliyetoka upande wa Mitwaba, alifanya kazi ya reli. Abiria waliposahau riwaya kwenye viti vya mabehewa, aliziokota na kuzileta nyumbani, nyingine zikiwa hazina kurasa za mwisho.

"Shiye batoto tulikuwa natunga mwisho wetu," anakumbuka. "Kila mutu na wake. Papa alikuwa anasikiliza tu, anacheka."

Mapenzi hayo aliyapeleka hata kwenye ndoa. Mumewe, Donat, alikuwa mchomeleaji vyuma. Hakuwa msomaji, lakini alipenda kusomewa. Alipolazwa hospitalini, Régine alikwenda kila alasiri na riwaya ya maktaba, roman kama wanavyoiita hapa, iliyoandikwa kwa Kifaransa, juu ya mwanamke anayemtafuta kaka yake katika miji ya machimbo. Alisoma ukurasa, akamweleza Donat kwa Kiswahili, kisha wakabishana kidogo juu ya yule kaka.

Donat alifariki kabla hawajafika mwisho.

Régine alikunja pembe ya ukurasa, akairudisha riwaya nyuma kabisa ya rafu. Kwa miaka miwili aliendelea kuazimisha vitabu, kuvifuta vumbi na kugundisha majalada. Kusoma, hakusoma.

"Watu walikuwa naniuliza, hii roman iko muzuri? Nilikuwa naitika tu. Sikukuwa na hamu."

Ndipo kamati ya chama ikaja na shauri lake. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu aitwaye Edouard, alitaka riwaya zote zitiwe kwenye makatoni ili vitabu vya mitihani vipate nafasi. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ameona vijana wengi wa mtaa wakianguka mtihani wa taifa.

"Roman inamusaidia mutoto kitu gani?" alimuuliza Régine mbele ya wajumbe.

 Régine aliomba tu aachiwe Jumamosi mchana, awasomee watu kwa sauti mpaka mvua za mwaka zikatike. Wakiitikia, riwaya zibaki. Wasipoitikia, yeye mwenyewe atafunga makatoni. Edouard akakubali.

Tangazo lilibandikwa sokoni, parokiani na msikitini. Jumamosi ya kwanza Régine alipanga mabenchi, akangoja. Hakuja mtu, hadi mvua kubwa ilipomwingiza Nasoro, fundi cherehani, akiwa amekumbatia mfuko wa vitambaa. Alikuwa anatafuta pa kujikinga, basi.

"Niliona haya kukaa kimya katikati ya mabenchi matupu," Régine anasimulia. Mkono wake ukaenda nyuma ya rafu, ukaitoa riwaya ile ile. Hadi leo hajui kwa nini. Akaanza ukurasa wa kwanza, akisoma kwa Kifaransa na kuhadithia kwa Kiswahili.

Mvua ilikatika. Nasoro hakuinuka.

"Na ule bibi," aliuliza Régine alipofunga kitabu, "alimupata kaka yake?"

"Sijui, papa Nasoro."

"Kitabu iko yenu hapa, na haujue?"

"Tulikuwa tunaisoma na bwana yangu ku hôpital. Alikufa mbele tuimalize."

Nasoro alikunjua na kukunja mdomo wa mfuko wake.

"Basi samedi nitarudia," alisema mwishowe. "Nitakuya na Rabia. Tutaimaliza bote."

Jumamosi iliyofuata alirudi na mkewe. Rabia akamleta jirani, jirani akamleta mama wa samaki. Mabenchi yakaanza kujaa, na Régine akazidi kuusogelea ukurasa uliokunjwa pembe.

Siku walipoufikia, sauti yake ilikatika. Watu wakangoja. Alijaribu tena, ikagoma.

Rabia aliyekuwa kando yake akakichukua kitabu taratibu. Aliacha shule mapema na hakuwahi kusoma Kifaransa mbele ya watu. Akaweka kidole chini ya mstari, akasoma neno moja moja, akijikwaa, akirudia. Hakuna aliyemkosoa. Régine alipopata tena sauti, alikuwa akihadithia kwa Kiswahili yale Rabia aliyoyasoma.

Kwenye riwaya, dada alimpata kaka yake, na kaka akakataa kurudi nyumbani. Maktaba ikalipuka kwa ubishi. Edouard, akipita njiani, aliingia kukemea.

"Hii ni bibliothèque ao ni soko?"

"Président," mama wa samaki akamjibu, "ule kaka alikuwa na haki ya kukatala?"

"Kaka gani?"

Wakamweleza wote kwa pamoja, hakuelewa kitu. Akaondoka na kitabu kwapani ajionee mwenyewe. Alikirudisha kikiwa kimechelewa, jambo ambalo Régine hajathubutu kumkumbusha. Hakukisifu. Alisema tu kwamba riwaya zibaki, ila vitabu vya mitihani vipewe rafu ya dirishani penye mwanga. Régine aliona ni haki.

Swali la mwenyekiti bado analifikiria.

"Mutoto akisoma tu juu ya examen, examen ikiisha, kitabu naye inaisha," anasema. "Lakini kusema kweli, sikusoma juu ya kujibu Edouard. Nilisoma juu nilikuwa peke yangu."

Sasa ana mpango mwingine. Muuguzi mmoja anayehudhuria Jumamosi amemwombea nafasi ya kusoma katika wodi ya wanawake, alasiri moja kila juma. Ruhusa imetoka. Régine hajaingia wodi yoyote tangu Donat afariki, na hafichi kwamba anaogopa.

Amemwomba Rabia waende pamoja. Rabia alifikiri siku nzima kabla ya kumjibu.

"Nitasoma, mama Régine. Lakini weye ndiye uanze."