Dawa ya Mahindi Chumbani

Mwanangu, ipo siku moja ya mavuno ambayo bado naikumbuka vizuri, nikiwa na mimba ya mtoto wa pili. Mimi na mume wangu Paskali tulikuwa tumepanga vyumba viwili huko Singe. Kwa kuogopa wezi, magunia ya mahindi tuliyaweka chumbani tunapolala. Paskali akayatia dawa ya wadudu, na alipoona mende akapuliza nyingine ya maji hadi chini ya kitanda. Neema, binti yetu wa kwanza, alikuwa anakohoa kila akilala, kifua kinalia kama filimbi. Mimi nilidhani ni baridi tu.

Siku hiyo mama mkwe alikuja na basi kutoka Dareda. Nilimwamkia, akaitikia, akaingia chumbani kuweka mzigo wake. Akatoka hapohapo ameshika pua.

"Paskali, mkeo analala humu na mimba?"

"Mama, hiyo ni dawa ya wadudu tu. Watu haiwadhuru."

"Nimeingia sasa hivi na macho yanawasha. Huyu Neema anayelala humu je? Toa magunia."

Paskali alinuna, maana hakuzoea kukaripiwa mbele yangu. Lakini aliyatoa, na chumba akakideki mwenyewe. Sisi tukahamia sebuleni, madirisha wazi, mpaka harufu ilipokwisha.

Tulipokwenda kliniki, nesi alituambia mama mkwe hakukosea: dawa hizo zinaweza kumfikia mtoto tumboni, na zinaweza kumsumbua mtoto mdogo kifua. Niliogopa, mwanangu. Kila nikiamka napapasa tumbo, nasubiri mtoto apige teke.

Mtoto alipozaliwa alilia kwa nguvu mpaka bibi yake akamsikia kutoka nje ya wodi. Nilipomwona mama mkwe anaingia anacheka, ndipo na mimi nikapumua. Neema naye kikohozi kilikuwa kimepungua, analala hadi asubuhi.

Basi, ukiwa na mimba au una mtoto mchanga, usikubali dawa ipulizwe unapolala. Mahindi yakae stoo. Mende waondoe kwa usafi na kuziba matundu. Kwa mbu, lala ndani ya chandarua. Ikibidi kupuliza, afanye mtu mwingine, wewe na watoto mkae kwa jirani mpaka nyumba ipate hewa ya kutosha. Na mtoto akikohoa usikisie kama nilivyokisia mimi, mpeleke hospitali.

Mungu akufungue salama, mwanangu, na huyo unayembeba akue na kifua chepesi, acheze mpaka wewe uchoke kumwita.