Daftari la Kijani la Basi Namba Kumi na Nne

Kampuni ya mabasi ikikuletea keki nyumbani, usile. Uliza kwanza wanataka nini.

Shangazi yangu hakula. Alikuwa mgawa magari wa kampuni ile kwa miaka thelathini na moja: kila asubuhi yeye ndiye aliyeamua basi gani liende wapi na nani aliendeshe. Alipostaafu walimpa saa ya ukutani, simu hawakupiga tena. Mwaka huu kampuni inatimiza miaka sitini, ghafla kijana wa ofisini, tai shingoni, yuko sebuleni na keki iliyoandikwa "Asante Mama".

"Tunaandika kitabu cha historia, mama," akasema. "Basi la kwanza lenye viti vya mbao, mwanzilishi akikata tiketi mwenyewe, njia ya kwanza ya milimani. Tumesikia unayo madaftari ya zamu."

"Mmesikia kwa nani?"

"Kwa watu tu."

"Hao watu tu hawana mama zao waliowapa majina?"

Kijana akacheka peke yake. Shangazi machale yalishamcheza. Akamtolea madaftari kumi na moja. Kijana akayapekua mbio mbio, hata hasomi, akafika la mwisho akauliza, "Lenye jalada la kijani halipo?"

Haya. Rangi aliambiwa na nani?

"Liliungua," akasema shangazi, mkavu kabisa. Lilikuwa chini ya godoro lake.

Sasa nikueleze. Pale kituoni kulikuwa na ubao wa funguo, kila ufunguo na kibati chenye namba ya basi. Dereva asiyeliamini gari hakubishana na mtu. Alikigeuza kibati kikatazama ukuta, basi. Ufunguo ule haukuguswa mpaka fundi akague gari na kukirudisha kibati kwa mkono wake. Hakuna karatasi iliyosema hivyo, ila ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za mwanzilishi.

Miaka ishirini na mbili iliyopita, dereva mmoja waliyemwita Kimya aligeuza kibati cha namba kumi na nne. Breki. Abiria waliochoka kungoja wakaanza kupiga kelele, meneja akaja, akakirudisha kibati mwenyewe, akamwambia Kimya fundi ameshalipitisha gari. Fundi hata kazini hajafika! Basi likaishia mtaroni kwenye mteremko wa pili. Hakufa mtu, ila kumi na tisa waliumia. Kimya akafukuzwa kwa uzembe, leseni ikaenda. Mpaka leo anatengeneza baiskeli nyuma ya soko, na watu wanamnyooshea kidole: yule ndiye aliyeangusha namba kumi na nne.

Shangazi aliona yote. Akaandika daftarini: "Kibati cha 14 kimerudishwa na meneja. Fundi hayupo." Halafu akaufyata.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Nilikuwa na watoto watatu na kazi moja."

"Na ulipostaafu?"

"Wewe nawe, umekuwa polisi?"

 

Baada ya siku nne kijana akarudi na kurasa za kitabu, kumlainisha. Jaladani kuna picha ya mwenyekiti wa kampuni. Ni yule yule meneja, kanenepa tu. Na ndani: "Kwa miaka sitini tumepata ajali kubwa moja pekee, iliyosababishwa na uzembe wa dereva."

Shangazi akaisoma mara mbili. Akaingia chumbani, akatoka na daftari kwapani.

"Kumbe halikuungua, mama!"

"Twende."

Tukamfuata hadi nyuma ya soko. Kimya alikuwa amepindua baiskeli, anazungusha gurudumu.

"Habari za kazi, kaka."

"Dada."

Shangazi akafungua ukurasa, akausoma kwa sauti. Gurudumu likazunguka mpaka likasimama.

"Lilikuwa wapi hilo?" akauliza Kimya.

"Chini ya godoro langu."

"Miaka yote hiyo. Ulilala vizuri?"

"Hapana."

Akamnyooshea daftari. "Ni lako. Wakilitaka, waje wakuombe wewe."

"Mzee, mimi nipige picha tu ukurasa mmoja," kijana akaingilia.

Kimya akamtazama kuanzia tai hadi viatu, kisha zile kurasa za kitabu mkononi mwake. "Aliyekutuma ni huyo wa jaladani?"

Kijana akaanza kushughulika na simu yake.

Kimya akatoboa daftari pembeni, akapitisha waya wa breki, akalitundika kwenye msumari katikati ya mipira mikuukuu. Jalada la kijani likatazama ukuta.

"Mwambie aje aligeuze mwenyewe," akasema. "Si anajua kugeuza?"

Hajaja mpaka leo, na kitabu hakijatoka. Shangazi anakwenda pale kila asubuhi, anakaa juu ya ndoo na kulilinda daftari. Kimya hajamkaribisha kiti. Hajamfukuza pia. Keki tuliitupa nzima.