Deki Aliyoichagua Baba Mkubwa

Ipo siku moja haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, na si kwamba sijajitahidi kuisahau. Ni siku tuliyokwenda Singida mjini kununua deki, ile mashine ya kanda za video. Wewe umekuja kuniambia unataka king'amuzi cha kurekodi vipindi, ukaniomba ushauri. Mimi shule niliishia darasa la nne, mambo ya mashine siyajui. Lakini kaa hapo kwanza. Wapo watu walioniumiza kwa ajili ya mashine, na majina yao sitayaficha.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, maduka yalikuwa yamejaa. Watu waliozoea kupanga foleni ya sabuni walikuta redio zimepangwa mpaka darini. Halafu televisheni nazo zikaja. Kwetu Ilongero umeme ulikuwa haujafika, ila Baba mkubwa Ntandu, kaka yake baba, alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe na alijenga mjini. Alikuwa na televisheni, na uani lile dishi kubwa ambalo kuku walijikinga jua chini yake.

Mama yetu, Naomi, ndiye aliyeanzisha nyimbo katika kwaya ya kina mama. Usiniulize sauti yake ilikuwaje. Huko ndiko ninakokwenda.

Kwaya ilialikwa mjini kuimba kwenye sherehe ya wakulima. Watu wa televisheni walikuwepo na kamera zao, wakawachukua wakiimba. Na mimi nilikuwepo, binti mkubwa tayari, nimekwenda kumshikia mama mtoto, mdogo wetu Nema, ambaye alikuwa bado ananyonya. Jioni tukapanda lori kurudi. Dereva aliitwa Mosi. Namtaja: Mosi. Alikuwa anakunywa tangu mchana na wazee walimwona, wakasema njia anaijua. Lori likapinduka kabla hatujafika nyumbani. Nema nilikuwa nimemkumbatia, hakuchubuka hata kidole. Mimi mguu ndio huu unaouona ninavyouburuza. Mama hakuamka.

Matanga yalikuwa hayajaisha mwinjilisti alipotuletea habari kwamba kwaya itaonyeshwa kwenye televisheni Jumapili jioni, baada ya taarifa ya habari. Mara moja tu. Baba alikuwa hajazungumza na mtu tangu mazishi. Siku ile akainua kichwa akasema, "Nataka irekodiwe. Nema akikua, amsikie mama yake."

Picha ya mama tulikuwa nayo moja, ya siku ya ndoa, ameinamisha uso. Kwa hiyo elewa, mwanangu, hatukuwa tunatafuta starehe. Mtoto yule alikuwa hana kitu kingine.

Baba alitoa dume lake la kulimia liuzwe. Baba mkubwa akasema kuchagua atachagua yeye, maana ndiye anayejua kununua. Tukaenda watatu, mimi na fimbo yangu nikiwafuata nyuma.

Muuzaji dukani aliitwa Rama, na baba alimweleza kwamba tunataka kumrekodi mama kwenye televisheni. Juu ya meza yake kulikuwa na deki mbili. Moja nyembamba, imechunika pembeni, imevaa vumbi. Nyingine kubwa, inang'aa kama sahani mpya, na taa zake za kijani. Baba mkubwa hakuuliza kitu. Aliinyanyua ile nyembamba, akaishusha kwa dharau. Akainyanyua ile kubwa, akaguna kwa uzito wake. Akaizungusha akaangalia nyuma, akapitisha kiganja mgongoni mwake, akaigonga ubavuni na kusikiliza. Mnadani ndivyo alivyokuwa anafanya kwa ng'ombe, na kwa ng'ombe hakukosea.

"Hii ina mwili," akasema.

"Mzee wangu, umeona mwenyewe," Rama akacheka. "Hiyo nyingine ni ndama wa kiangazi. Hili ni dume!"

Mimi nikaangalia vitufe. Redio kaseti zilikuwepo kijijini, na kila mtu alijua cha kurekodi kina alama nyekundu. Ile nyembamba ilikuwa nacho. Ile kubwa sikukiona. Nikasema, "Baba mkubwa, shikamoo, naomba niulize. Hapa cha kurekodi kiko wapi?"

Baba mkubwa akamgeukia baba. "Binti yako ameanza lini kununua ng'ombe?"

Rama akadakia, "Dada, hiyo inafanya kila kitu. Wewe kapike tu, utaletewa mama yako sebuleni."

Walicheka wote wawili. Baba hakucheka, lakini hakusema neno. Kwetu mnadani, mzee akishamgusa ng'ombe kwa fimbo yake, mdogo hasemi tena. Kumbishia ni kumvua nguo mbele ya watu. Baba alikuwa mdogo wake. Na Baba mkubwa alikuwa ameshaigusa ile deki kwa fimbo, tap, katikati ya meza.

Usinitafutie kosa mimi. Mimi niliuliza.

Jumapili nyumba ya Baba mkubwa ilijaa. Bibi, mama yake mama, aliletwa kutoka kijijini akakalishwa mbele kabisa. Kina mama wa kwaya waliopona walikuja na bandeji zao. Nema alikuwa mgongoni kwangu. Taarifa ya habari ikaisha, mtangazaji akataja Singida, na mtoto wa Baba mkubwa akasukuma kanda ndani ya deki.

"Bonyeza sasa!" Baba mkubwa akasema.

"Nibonyeze wapi?"

"Hapo hapo!"

"Hapa ni kuonyesha, baba. Hapa kusimamisha. Hapa kurudisha nyuma. Hakuna kingine."

Watu wakainuka. Huyu anasema zungusha, huyu anasema labda kiko nyuma, mwingine analeta tochi. Tuliizunguka ile mashine kama watu wanaomzalisha ng'ombe. Na huko kwenye televisheni, mwanangu, mama alikuwa ameshaanza kuimba.

Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote. Hatukuirekodi, na wengi wetu hatukuiona pia. Tulikuwa tumeupa mgongo uso wake tukitafuta kitufe. Mimi niligeuka nikaona kitenge chake cha kwaya, mkono wake umeinuliwa, mdomo wazi. Sauti yake sikuisikia kwa kelele za wanaume. Baba akapiga ukelele, "Nyamazeni! Nyamazeni jamani!" Walipokuja kunyamaza, likawa tangazo la mafuta ya kupikia.

Bibi ndiye pekee aliyekuwa ametulia. Alikuwa ameambiwa kwamba mashine hii inamrudisha mtu. Akasubiri, akasubiri, halafu akasema kwa Kinyaturu, taratibu kabisa, "Haya, mrudisheni sasa." Kina mama wakaanza kulia upya kama siku ya mazishi.

Kesho yake baba alikwenda kwa Rama. Rama akamjibu, "Mlitaka deki, nimewapa deki. Hiyo ni ya kuonyeshea." Ile nyembamba ilikuwa imeshanunuliwa. Baba akasafiri mpaka Dar kwa wale wa televisheni, wakamwambia kanda imesharekodiwa mambo mengine juu yake. Akarudi, akanyamaza tena, na mpaka anakufa hakumtaja mama kwa jina. Baba mkubwa aliibakiza deki kwake, akaifunika kitambaa cha kufuma, akawa anaangalia sinema za ngumi. Samahani hakuwahi kusema. Mzee haombi samahani kwa mtoto, ndivyo alivyoona.

Nema sasa ni mtu mzima, ana watoto. Mwaka juzi alitukusanya mimi na mama wadogo, akasema, "Niimbieni kama alivyokuwa anaimba." Mama mdogo mmoja akaimba kwa sauti nyembamba. Mwingine akakataa, akasema dada yake alikuwa na sauti nzito, akaimba ya kwake. Wakaanza kugombana. Nema akanigeukia mimi, niliyelala kifuani pa mama miaka yote ya utoto. Nikafungua mdomo. Nilikuwa nayaona meno yake, naona alivyofumba macho, lakini sauti ilikuwa imeshaondoka. Nema akasema, "Basi dada, acha." Akaenda jikoni kuwapakulia watoto.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Hicho king'amuzi usikinunue kwa ukubwa wala kwa taa zake. Mwambie muuzaji akichomeke mbele yako, arekodi kitu hapo hapo dukani, akizime, akiwashe, akuonyeshe alichorekodi. Akikuambia kinafanya kila kitu, ondoka. Ukiwa na mkubwa wako anayekushika mkono kwenye jambo asilolijua, mpe heshima yake yote, umpe shikamoo na kiti, lakini swali lako usilimeze. Uliza mara ya pili. Uliza mpaka akukasirikie. Hasira ya mkubwa hupoa kwa chakula cha jioni. Mimi niliuliza mara moja nikachekwa, nikanyamaza, na mdogo wangu amekuwa mtu mzima hajamsikia mama yake.

Na mpendwa wako akiwa anaimba mbele yako, achana na mashine, mwangalie yeye.

Mungu akupe masikio yasiyosahau. Awaache wakubwa zako waishi mpaka uchoke kuwasikiliza, na watoto wako wasije kuuliza kwa watu wengine sauti yako ilikuwaje.