Msumeno wa Mutshatsha

Mdogo wangu anayenifuata alitaka mashine mpya. Mimi nilitaka mashine nzuri. Tulibishana msimu mzima wa mvua, tumesimama kwenye ncha mbili za ubao mmoja, tukiukata kwa msumeno wa mkono tulioachiwa na baba. Yeye akivuta anasema lake, nami nikivuta namjibu.

Wazazi walipofariki niliacha shule nikaingia katika karakana ya baba, hapa Kolwezi. Wadogo zangu walikuwa wanne, na mbao zilikuwa tayari zimepangwa ukutani. Tangu hapo tunakula milango na vitanda. Akiba yetu ilitosha kununua scie à ruban moja, ule msumeno wa mashine wenye magurudumu mawili na utepe wa meno unaozunguka juu yake. Moja tu, kwa hiyo ilikuwa lazima tuchague.

"Yaya," mdogo wangu aliniambia, maana hapa dada mkubwa huitwa hivyo, "ukinunua ya zamani, mi naenda kuchimba. Batu ya rika yangu bote biko kule."

Alikuwa anacheka. Lakini nilikuwa nimeona tochi ya kufunga kichwani chini ya mto wake, na seremala hana kazi na tochi ya kichwani. Kati ya rafiki zake waliokwenda kuchimba kobalti, mmoja alirudi na pikipiki, mwingine bado yuko chini ya udongo. Nilianza kuota mashimo.

Basi tukaenda dukani kuiona hiyo mpya. Niliweka kipande cha mulombwa kwapani, nimekifunga kitenge kama mtoto. Muuzaji alitupa ubao mweupe, laini, na mashine ikaukata kama mkate. Mdogo wangu alinitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Nikafungua kitenge. Mulombwa ni mti mgumu, utomvu wake mwekundu kama damu, na milango ya wateja wetu mingi ni ya mulombwa.

Mashine ilianza kulia. Utepe ukatoka kwenye gurudumu, taa za duka zikafifia.

"Ni courant," akasema muuzaji, akiusingizia umeme.

"Courant njo ilitoa utepe?" nikamuuliza.

"Mama, hii mashine iko ya mbao. Haiko ya mawe."

Juma lililofuata tulikwenda Mutshatsha, kwa mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza mabehewa ya reli, ambaye sasa alikuwa anauza msumeno wake. Mashine yake ilikuwa ya chuma kizito, rangi imebambuka, na kuku alikuwa amelala juu ya meza yake. Umeme haukuwapo, lakini mzee hakujali. Alimwondoa kuku, akasukuma gurudumu kwa mkono mara moja, kisha akatukaribisha kukaa. Alitueleza habari za watoto wake wote, nani ameoa, nani yuko Dilolo anauza vitenge, nani hamsalimii. Alipomaliza, gurudumu bado lilikuwa linazunguka, polepole, bila sauti.

"Tata, tunaibeba," nikamwambia mzee, nikamhesabia akiba yetu.

Mdogo wangu alikaa njia nzima juu ya magunia ya makaa nyuma ya lori, amekumbatia mashine ili isianguke, lakini uso ameugeuzia upande mwingine.

Kilichotupata nyumbani kingempata yeyote anayenunua mashine ya umeme mahali pasipo na umeme. Tulikuwa tumelisifu gurudumu mpaka hakuna aliyeangalia mota. Fundi wa umeme wa mtaa aliinama, akasoma kibao cha mota, akaanza kucheka taratibu.

"Iko triphasé hii. Inaomba nyaya tatu za moto. Weye, Mama, uko na ngapi?"

"Moja."

"Na ile moja, inafika?"

"Siku zingine."

Kesho yake asubuhi mdogo wangu alitoka chumbani na mfuko begani, tochi ikining'inia. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. Nilimwomba anywe chai kwanza.

Alikuwa anakunywa amesimama wakati mama jirani, mwenye mashine ya kusaga mahindi, alipowasha injini yake ya mafuta. Ukuta wetu ukaanza kutetemeka kama kila siku. Mdogo wangu akatazama ukuta. Akatazama puli ya msumeno, kile kigurudumu cha kupitishia mkanda. Akaweka mfuko chini.

"Yaya," akasema, "ule mama anatupenda?"

"Anapenda milango."

Mama jirani alipewa mlango, naye akatukubalia injini yake. Jioni ile mdogo wangu alikuwa ametoboa ukuta na kupitisha mkanda wa mpira kutoka injini ya jirani hadi puli yetu. Mulombwa ulikatika bila kulia. Tangu siku hiyo tunakata anaposaga, na kina mama wanaosubiri unga huchungulia kwenye tundu na kutoa maoni juu ya vitanda vyetu. Wiki ya kwanza mmoja alirudi na sahani ya ugali.

"Bukari yangu iko rose," akasema, akinionyesha wekundu wake. "Nilileta mahindi meupe."

Vumbi jekundu la mulombwa lilikuwa linapita tunduni, hivyo mdogo wangu alitengeneza kizuizi cha mbao siku ileile, na mama yule akampa stuli kama fidia.

Mfuko wake anauning'iniza msumarini, karibu na mashine. Hata leo nikimuudhi husema atauchukua aende kuchimba. Ndani yake sasa mna tepe za akiba, zimekunjwa, zina meno pande zote.

"Toa kwanza tepe zangu," namwambia.

Huangalia mfuko, huangalia vidole vyake, kisha anauliza chai iko wapi.