Kopo la unga wa haidrojeni lilivyoishia kwenye tambuu ya mama

Wakuu, heshima kwenu. Mie ni mzee, simu hii ya mjukuu, lakini haya yalinikuta mwenyewe na sitii chumvi.

Enzi za Mwingereza, miaka ya hamsini, nilikuwaga kibarua kwenye kituo cha hali ya hewa kule Kipawa. Kazi yangu kujaza maputo. Puto linapanda, karani analifuata kwa darubini, tunajua upepo wa juu unaelekea wapi.

Sasa gesi yenyewe, haidrojeni, ilikuwa inakuja kwenye kopo. Ndiyo, kopo!

Ni mabonge ya kijivu, metali ya kalsiamu iliyoshibishwa haidrojeni. Yakiwa makavu yanakaa kimya. Yakiguswa na maji yanachemka na kuiachia gesi yote, na kama kuna moto karibu, umekwisha. Hata mkono wa jasho yanaubabua.

Ishu ikaanzia hapa. Nyuma ya stoo kulikuwa na kopo moja la mabonge hayo limetupwa wiki kadhaa, mfuniko umeoza kwa kutu. Nyie mnatupa makopo, enzi zetu kopo zuri lilikuwa chombo cha ndani. Nikalibeba kimyakimya mpaka kwetu Kiwalani, nije nilisafishe Jumapili. Chini kulikuwa kumebaki unga mweupe.

Kesho yake natoka mbio, nimechelewa, mama ananiuliza kitu. Nikaitikia "eeh" bila kusikiliza.

Nimefika kazini, nimetia bonge kwenye maji, likaanza kuchemka. Ndipo swali la mama likanirudia: "Hii chokaa ya koponi umeniletea ya tambuu?"

Weee! Mama yangu na tambuu walikuwa hawaachani. Jani, popoo, chokaa, mdomoni. Sasa mate na unga ule, jamani!

Nikaacha puto linapwaya, nikatoka nduki. Bosi wangu, Karani Elia, Mpare mmoja mkali, akanifuata na baiskeli akidhani nimepandwa na mashetani. Njia nzima nalia, sioni haya kusema.

Namkuta mama mkekani, shavu limejaa, midomo myekundu.

"Mama, tema! Tema!"

"Astaghfirullah! Hata shikamoo hakuna? Niteme nini?"

Akatema. Nikamkagua mdomo mzima. Hakuna kidonda wala lengelenge.

Nikamweleza Elia. Akachota unga kidogo, akautia kwenye kata ya maji. Kimya, hata povu moja hakuna. Yule mtu mkali akakaa chini akacheka mpaka akavua kofia.

Akasema mfuniko ulikuwa mbovu, na hewa yetu ya pwani ina unyevu. Wiki zote zile unga ulikuwa unakunywa unyevu na kuachia haidrojeni yake kidogo kidogo, mpaka ikaisha. Inayobaki ni chokaa. Chokaa kweli kweli!

Nikajilaza palepale. Alhamdulillah, raha ile sijaipata tena, hata siku ya harusi yangu, na bibi yenu asisome hapa.

Elia hakutaka kubahatisha, unga wote akaufukia shimoni. Mama akanuna.

Nilichojifunza: cha kazini kibaki kazini, na mama akikuuliza kitu, simama umsikilize. Haya, nani mwingine kapeleka balaa la kazini nyumbani? Shusheni hapa, msinicheke peke yangu.

Mama yeye, mpaka anafariki, kila akinituma dukani alikuwa analalamika: "Chokaa ya siku hizi haifikii ile ya puto."