Jogoo wa kwenda Ugiriki

Kasulu nzima, nani ana bahati kama yangu? Ijumaa nampeleka mke wangu kisiwa kimoja cha Ugiriki, sisi wawili tu na bahari ya bluu.

Jana niliyasema hayo mbele ya kwaya yake.

Leo mama mkwe katua kutoka Busunzu na unga wa muhogo, na jogoo mzima mzima.

"Baba Neema, Wazungu hawajui ugali. Mtakula nini huko?"

Na jogoo je, mama?

"Wa mwenyeji wenu. Mtu haendi ugenini mikono mitupu."

Yaani nipande ndege na jogoo.

Mke kashasuka nywele. Jioni kwaya inakuja kutuombea safari njema.

Jamani, mliooa, mama mkwe anaambiwaje?

Maana safari haipo. Nilidanganya. Hata pasipoti sina.